Sura ya Tano: Tangi la Mchanga

Msimbati haina uhaba wa maji ya kutazama. Mashariki ni Bahari ya Hindi, nyuma ni Ghuba ya Mnazi na mikoko yake, na kusini Mto Ruvuma unamwaga maji yaliyosafiri mamia ya kilomita, ukitutenga na Msumbiji. Tangu mwaka 2000 eneo hili, kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, mikoko na vijiji, limekuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mgeni anayeshuka kutoka Mtwara mjini huona fukwe na minazi. Mwenyeji ana hesabu nyingine kichwani: dumu ngapi zimebaki uani, na nani wa kwenda kisimani kesho.

Watu wa mbali huuliza kwa nini wenyeji wasichote Ruvuma. Mto wenyewe, karibu na mdomo wake, ni nusu mali ya bahari. Maji yanapojaa, chumvi hupanda mtoni, na wakati wa kiangazi mto unapokosa nguvu ya kuisukuma hupanda mbali zaidi. Tena Ruvuma si mto wa kutegemewa hata wakati umejaa. Machi 1861 David Livingstone aliuingia kwa meli ya mvuke iliyoitwa Pioneer, akapanda maili kama 30, kisha maji yakaanza kushuka chini ya meli naye akageuza upesi asije akanasa mchangani. Kama mto ungekuwa ghala, ni ghala lisilo na mlango.

Basi maji ya kunywa ya rasi hii ya Msimbati yamewekwa wapi? Yamewekwa chini ya miguu ya watu. Mvua inaponyesha juu ya mchanga haitengenezi mito wala madimbwi ya kudumu, inazama. Inashuka mpaka inapokutana na maji ya bahari ambayo nayo yamepenya mchangani kutoka pande zote, na hapo inasimama. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari huzidi kwa gramu 25 hivi. Tofauti hiyo ndogo inatosha. Maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na kwa kuwa chembe za mchanga huzuia msukosuko, hayachanganyiki haraka. Hilo ndilo tangi kubwa kuliko yote ya Msimbati, na hakuna fundi aliyelijenga.

Wazungu wawili walilifanyia hesabu tangi la namna hii, kila mmoja kwa wakati wake: Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, aliyekuwa akishughulikia visima vya visiwa vya mchanga vya Bahari ya Kaskazini. Walichokikuta ni rahisi kukikumbuka. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari, mita 40 hivi zimejaa chini ya usawa huo. Mtu akisikia hivyo hufurahi, akadhani ametajirika. Lakini hesabu hiyo husomwa pia kwa kurudi nyuma. Ukichota kwa pupa mpaka maji ya kisima yakashuka sentimita 10 tu, na ukaendelea kuyashikilia hapo, chumvi iliyoko chini hupata ruhusa ya kupanda mita 4. Ndiyo maana kisima cha pwani hakikauki kwa heshima kama kisima cha bara, kinachoonyesha matope kwanza. Cha pwani kinaendelea kutoa maji vilevile, ila siku moja chai inakuwa na ladha nyingine.

Na chumvi haihitaji kuwa nyingi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye zaidi ya gramu moja kwa lita huanza kuwakera wanywaji. Kwa hiyo vikombe 3 vya bahari katika vikombe 100 vya maji matamu vinatosha kukifanya kisima kiwe cha kufulia tu.

Wachimbaji wa zamani wa pwani hawakuwa na hesabu hiyo kwenye karatasi, lakini visima vyao vinaonyesha waliielewa kwa mikono: vifupi, vipana, vingi, vilivyotawanyika, na kwa kawaida mbali kidogo na ufukwe. Kisima kifupi huchota ngozi ya juu ya maji, ambako mvua ya mwaka huu imelala. Kamba na ndoo navyo vina rehema yake, maana mkono wa mtu huchoka kabla mchanga haujachoka. Pampu haichoki. Nimewahi kusikia mafundi wakijisifu kwa kina cha kisima walichochimba, nami sina la kuwapinga ikiwa wanachimba Dodoma. Kwenye rasi ya mchanga, kila mita ya ziada ni mita moja karibu zaidi na chumvi.

Ukitaka mfano mkubwa wa tangi hili, tazama Lamu. Mji ule, wenye karne nyingi za watu waliosongamana, unategemea maji yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua hunyesha kwenye matuta, hujichuja ikishuka, na visima vilivyopangwa pale ndivyo vinavyolisha mji. Kila anayeleta wazo la kujenga hoteli juu ya matuta hayo anapendekeza kujenga choo juu ya mtungi wa watu, hata kama ramani yake ni nzuri. Msimbati haina matuta makubwa ya kiasi hicho wala mji wa kiasi hicho, lakini kanuni ni ileile. Upana wa nchi kavu ndio upana wa tangi. Ufukwe ukiliwa na mawimbi, tangi limepungua. Mchanga ukizolewa kwa ajili ya zege, tangi limepungua. Na mashimo ya vyoo yakikaribiana na visima, tangi limebaki na ukubwa wake lakini limechafuka, kwa sababu mchanga uleule unaopitisha mvua upesi hupitisha na vingine.

Kuna kichekesho kimoja hapa ambacho siwezi kukipita. Mwaka 1982 kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi asilia Ghuba ya Mnazi, zaidi ya mita elfu moja chini ya ardhi. Mwaka 2006 gesi hiyo ilianza kuzalisha umeme wa Mtwara, na kufikia 2015 bomba lilikuwa limefika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Kwa gesi, wataalamu wameipima miamba ya hapa tabaka kwa tabaka. Tabaka la juu kabisa, lile linalohifadhi maji ya kunywa na linalofikiwa kwa jembe, ndilo lenye wapimaji wachache.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana kuhifadhi maji ni kushindana na miezi. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam ana masika na vuli. Mvua humkosa huku, humkuta kule. Mtwara ina msimu mmoja. Mvua huanza Novemba mwishoni au Desemba, hunyesha mpaka Aprili, huenda ikaburuta mguu hadi Mei, kisha kusi huvuma na mbingu hufungwa. Kwa mwaka wa kawaida pwani hii hupata milimita kati ya 800 na 1,000 hivi, kiasi kisichokuwa kibaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba yote huja kwa mkupuo, halafu nyumba hungoja miezi sita au saba. Mwezi Machi hakuna anayezungumza habari ya maji. Oktoba hakuna anayezungumza habari nyingine.

Kungoja huko kumekuwa kukali zaidi bara, juu ya uwanda wa Makonde, kuliko pwani. Kule juu, Newala na Tandahimba, udongo ni wa kichanga pia, lakini chini yake hakuna bahari ya kuyashikilia maji. Yanazama mpaka yanatokea kwenye chemchemi za mabondeni, mamia ya mita chini. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wengi kiasi kile wakiishi mahali ambapo maji hufuatwa safari nzima, kushuka mtupu na kupanda na mtungi. Wamakonde wenyewe walikuwa na jibu ndani ya hadithi yao ya asili: mababu waliojaribu kukaa karibu na maji bondeni walifiwa na watoto, na aliyeishi ni yule aliyezaliwa juu. Ukifikiria malaria, na ukiongeza misafara ya watumwa iliyopita mabondeni karne ya 19, hadithi hiyo ina akili nyingi. Waliamua kuwa umbali wa maji ni bei nafuu kuliko ukaribu wake. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu, na tangu miaka ya 1970 Wafini wakaja na mpango wao mkubwa wa maji wa Mtwara na Lindi, visima na pampu za mkono. Lakini nyumba nyingi za uwandani hazikungoja mabomba. Zilichimba shimo uani, zikalisakafia kwa saruji, zikaelekeza maji ya bati humo, zikalifunika. Mwenye shimo kubwa huuza ndoo ndoo wakati wa kiangazi. Wapo wanaoona ni uchuuzi wa dhiki. Mimi naona ni malipo halali ya mtu aliyenunua saruji wakati wengine wananunua redio.

Huko huko uwandani ndiko dunia ilikopata somo kubwa kuhusu maji yaliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 1952 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika vijiji vya eneo la Newala: homa ya ghafla, na maumivu ya viungo yaliyowakunja watu wazima wasiweze kusimama wima. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake, na mwenzake W. H. R. Lumsden akafuatilia namna ulivyoenea. Taarifa zao zilichapishwa 1955. Virusi vyenyewe vilipatikana 1953, na jina la Kimakonde ambalo wagonjwa walilitumia, chikungunya, sasa limo katika vitabu vya tiba vya kila nchi. Lumsden aliangalia ndani ya nyumba, akakuta mitungi. Kwa kuwa maji yalikuwa mbali, kila nyumba iliweka akiba, na akiba ile, imetulia gizani, wazi, siku nenda siku rudi, ilikuwa kitalu cha mbu aina ya Aedes aegypti. Mbu huyu hataki mabwawa wala matope. Anataka maji safi, karibu na kitanda.

Nusu karne baadaye jambo hilohilo likarudi pwani. Katikati ya mwaka 2004, baada ya ukame, chikungunya ilizuka Lamu, na uchunguzi uliofuata ulikadiria kuwa wakazi watatu katika kila wanne wa mji waliambukizwa. Kutoka hapo ikashika bahari: Komoro 2005, Réunion, kisha India 2006. Watafiti walipoangalia hali ya hewa waliona lisilotarajiwa, kwamba ugonjwa wa mbu ulifuata ukosefu wa mvua. Sababu ni ileile ya Newala. Visima vilipopungua watu walijaza vyombo, hawakuvimwaga na kuvisugua mara kwa mara kwa kuogopa kupoteza maji, na mbu wakapata muda.

Uchungu wa habari ya Lamu ni kwamba mji ule ulikuwa na dawa yake tangu zamani. Katika nyumba za mawe, birika la kuogea lilijengwa kwa chokaa, na sakafuni mwake mafundi walizika bakuli la kaure ya Kichina. Maji yakipungua, bakuli hubaki na maji ya kutosha kwa samaki wadogo waliofugwa humo, na kazi ya samaki hao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Mpangaji wa leo mwenye pipa la plastiki la lita 200 hana bakuli wala samaki, na mara nyingi hana hata mfuniko, kwa kuwa mapipa huuzwa yamekatwa juu.

Ustadi wa birika ulienea pwani yote, kutoka Lamu mpaka kusini kwetu. Kilwa Kisiwani, kaskazini ya Mtwara, Msikiti Mkuu una mabirika ya kutawadhia, na kando yake mawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, ina hodhi la pembe nane linalotazama bahari. Lile lilikuwa la starehe na la kuonyesha uwezo. Kumwaga maji matamu kwenye hodhi la kuogelea, kisiwani, ni majivuno ya kifalme kweli. Birika la msikiti lilikuwa la ibada, na ibada ilikuja na kipimo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani hii, maji yakifika kiasi cha kullatain, ambacho wanazuoni wengi hukikadiria lita mia mbili na kidogo, hayanajisiki kwa kuguswa na najisi maadamu rangi, ladha na harufu havikubadilika. Pungufu ya hapo, tone dogo la najisi linayaharibu. Kwa hiyo ukubwa wa birika haukuachwa kwa mwashi pekee. Fiqhi ilimtaka alifanye kubwa.

Kaskazini zaidi, Wareno walijenga Ngome ya Yesu Mombasa kati ya 1593 na 1596, wakachimba humo kisima kirefu. Kikatoa maji ya chumvi, ya kuoshea tu. Ikabidi wategemee birika la mvua lililo ndani ya ngome. Mizinga na kuta zote zile, na roho ya askari ilikuwa juu ya mawingu. Gede nako, mji wa mawe karibu na Malindi ulioachwa na watu wake, James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948 alikuta dalili kwamba visima vilichimbwa tena na tena kufuata maji yaliyokuwa yakishuka, na kupungua kwa maji ni moja ya sababu zinazotajwa za mji huo kuhamwa.

Mabirika yote hayo yalisakafiwa kwa chokaa, na chokaa ya pwani ilitoka kwenye matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, mara nyingi za mikoko. Bei yake ililipwa na bahari. Katika Ghuba ya Mikindani na majirani zake, uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa uliendelea hata miongo ya karibuni na kuacha miamba mitupu ambako samaki hawazaliani. Ndani ya hifadhi sasa ni marufuku. Wanaolalamika kwamba hifadhi imewanyima vifaa vya ujenzi wana haki ya kusikilizwa katika mengine, lakini hili la chokaa limepitwa na wakati: tangu 2015 kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote kinafanya kazi hapo hapo Mtwara.

Tuingie sasa katika nyumba ya Msimbati. Nyumba ya makuti haivuni maji. Paa lake hunyonya mvua ya kwanza, kisha hutoa maji ya rangi ya chai yenye vumbi na vidudu. Uvunaji wa mvua umekuja na bati, na bati, katika mkoa huu, huja na korosho. Hapo pana nafasi nzuri ambayo watu wengi hawaitumii. Minada ya korosho huanza Oktoba, fedha huingia mpaka Desemba, na mvua nayo ndipo inapobisha hodi. Si kila mkulima anayepata fedha zake katika wiki zilezile za kununua gata.

Hesabu ya bati ni hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 40 na mwaka wa milimita 900: lita 36,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka, yanayovuja na yale ya mvua ya kwanza yanayoachwa yaoshe paa. Zimebaki kama 28,800. Sera ya Maji ya Taifa ya 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, na kituo cha maji kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Familia ya watu sita, basi, ni lita 150 kwa siku. Siku 180 za kiangazi zinataka lita 27,000. Paa linaweza. Chombo ndicho hakiwezi. Simtanki la lita 1,000, lile ambalo watu hulipandisha kwenye mnara wa matofali ili jirani alione, ni maji ya siku zisizofika saba. Ili kiangazi chote kipite kwa mvua peke yake ungehitaji 27 ya hayo, na hakuna korosho inayolipa hivyo.

Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa na kurudi kisimani kwa kila kitu. Nadhani wamekata tamaa mapema. Mtu hahitaji lita 25 za maji matamu. Kunywa na kupika ni lita 5 kwa mtu. Zilizobaki ni za kuoga, kufua na kuosha vyombo, ambazo kisima chenye ladha ya chumvi kidogo kinaweza kuzitoa bila kumdhuru yeyote. Lita 5 kwa watu sita kwa siku 180 ni 5,400. Hilo ni simtanki moja la lita 5,000 na mapipa mawili yenye mifuniko, au tangi la saruji na nondo ambalo fundi wa kijijini analiweza, lililozikwa nusu ardhini ambako hubaki baridi. Ukiyapanga maji kwa kazi zake, ya bati kwa koo na ya mchanga kwa ngozi, unakuwa umeulinda na mchanga wenyewe, kwa sababu Oktoba utakuwa unauchota kidogo wakati ambapo ni dhaifu.

Wapo walioligeuza hili kuwa sheria. Bermuda, visiwa vya mawe ya chokaa katika Atlantiki visivyo na mto hata mmoja, huwalazimisha wajenzi wa nyumba kukusanya mvua ya paa; mapaa yao hupakwa rangi nyeupe, na tangi huwa chini ya sakafu, sehemu ya msingi. Karibu zaidi, kisiwa cha Chumbe nje ya mji wa Zanzibar hakina maji baridi kabisa. Vibanda vya wageni vilivyojengwa pale miaka ya 1990 huvuna mvua kwenye mapaa yao mapana, huichuja kwa mchanga na kuiweka kwenye birika chini ya kila kibanda. Mgeni wa kitalii analipa dola nyingi kuoga maji ya bati. Hoteli na nyumba za wageni zinazotaka kufunguliwa kwenye fukwe za Msimbati na jirani yake Ruvula zingepaswa kuonyeshwa Chumbe kabla ya kupewa kibali cha kisima.

Vyombo vya ndani ya nyumba vinastahili maneno machache. Mtungi wa udongo, uliofinyangwa na wanawake, hutokwa jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Ndiyo sababu maji yake ni baridi saa nane za mchana. Kasoro yake ni mdomo mpana unaoingiza kata, na kata huingiza mikono. Dumu la lita 20, lile lililokuja na mafuta ya kupikia, lina mdomo mwembamba na kizibo, na kwa usafi linaushinda mtungi. Uzito wake ni kilo 20 kichwani. Familia yetu ya lita 150 inahitaji dumu saba na nusu kila siku, na anayezibeba, kwa karibu kila nyumba, ni mama au binti. Hesabu zote za sura hii zina shingo chini yake.

Hatari nyingine huja na upepo. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wakati wakazi wa Mtwara wakiambiwa wahamie sehemu za juu. Kilitukosa kwa safari ya saa chache. Kimbunga cha namna ile kikiivukisha bahari juu ya rasi, maji ya chumvi huingia visimani kutoka juu, na mchanga huweza kuchukua misimu kadhaa ya mvua kujisafisha. Wakati huo tangi lililofungwa uani ndilo litakalonywesha kijiji.

Kwa kamati za maji za vijiji vya rasi na kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa 2019, ombi langu ni dogo na bei yake ni ndogo. Kipima chumvi cha mkononi hutosha mfukoni na hutoa jibu kwa sekunde chache. Chagueni visima vichache, vya katikati ya rasi na vya karibu na ufukwe, mvipime kila mwezi, na namba zibandikwe ofisini kwa mtendaji pale kila mtu anapoweza kuzisoma. Kisima ambacho namba yake inapanda kila Oktoba kuliko Oktoba iliyotangulia kipumzishwe, na pampu yoyote iliyo jirani yake izimwe kwanza kabla ya kuuliza ni ya nani.